Uzi wa Kijani

Baba Watoto,

Sisi huku tu wazima. Yule kuku mwekundu ametotoa saba, na paa la jikoni nimeshaliziba mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu haya si ya kusema kwenye simu.

Mvua ya Alhamisi imevunja tuta la bwawa. Mafundi walipofukua bomba la chini, lile la kupunguzia maji, walikuta limezibwa kwa gunia la mchanga. Unakumbuka ulivyosema kabla ya kusafiri? "Bwawa gani hili la kukaa tupu mwaka mzima? Acha tubakize maji ya kumwagilia mboga." Nami nikacheka, nikakushonea mdomo wa gunia.

Wamelianika hadharani, wakauliza nani anaujua uzi ule wa kijani. Nikasema siujui.

Jirani yetu wa bondeni, Mama Mapacha, amebaki na mtoto mmoja. Watu sasa hawajui wamwiteje.

Tangu jana nafumua uzi wa kijani kwenye nguo zote za humu ndani. Leo asubuhi Mama Mapacha alikuja, akaketi mkekani kando yangu.

"Shoga, unafumua nini na wewe?"

Nikamwambia uzi umechakaa.

"Kazi yote hii peke yako?" Akachukua wembe, akanisaidia mpaka kaptula ya mwisho.

Lile koti uliloondoka nalo, kiwiko nilikishona kwa uzi uleule. Ukija msibani, usilivae.

Mimi mkeo.