Mama Amekuwa Mfupi

Kilimani, Nairobi.
9 Machi 2025.

Mpendwa kaka yangu Kiragu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Baridi ya Edmonton inawapelekaje? Wifi yangu Cate alipona kile kifua? Sisi ni wazima. Kibe bado anajigamba kwamba mbuzi wa Krismasi alimchoma yeye, ilhali mume wangu huyo alilala kwenye kiti tangu saa sita.

Najua unangoja habari za Mama. Ninazungukazunguka kwa sababu naona aibu, na nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu ningelia tu.

Wiki jana daktari alikuja pale kwenye makao ya wazee, Muthangari, kuwakagua wazee wote mifupa. Wengi wamedhoofika, na mmoja alivunjika nyonga akijigeuza tu kitandani. Nami niliitwa kujibu maswali kuhusu Mama. Amewahi kuanguka? Hapana. Anakula? Anaonja tu. Amepungua kimo? Hapo nikacheka. Nikasema amepungua sana, hata ile sare yake ya akina mama wa kanisa nimeipeleka mara mbili kwa fundi wa Dagoretti Corner apunguze sketi, kwa maana ilikuwa inaburutika chini. Nilikuwa hata nikimtania Mama kwamba karibu tumvishe nguo za wajukuu.

Daktari hakucheka. Alimtuma mjini akapimwe, na picha ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea, bila hata kuanguka. Mifupa imekuwa myepesi mno. Mama alikuwa anafupika mbele ya macho yangu, na mimi kazi yangu ilikuwa kukatisha nguo. Nimejilaumu mpaka Kibe amechoka kunisikiliza.

Ataanza sindano, pamoja na vidonge vya kalsiamu. Zitasaidia, ila akianguka sasa huenda asitembee tena. Nawe unaijua nyumba yetu, ghorofa ya tatu, na lifti imekufa tangu Agosti.

Muuguzi alimwuliza mbona hakusema mgongo unamuuma, na kumbe umemuuma tangu mwaka jana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na thamosi ya uji, Mama hakuniona. Akamjibu, "Si nilionanga nikikaa bila kusumbua mtu, msichana wangu Wamucii atanirudisha kwake."

Kwa hivyo ukimpigia, mwulize habari za mgongo, kisha mwulize tena. Jibu lake la kwanza huwa kwamba yuko sawa.

Niliingia nikammiminia uji kana kwamba sijasikia kitu. Baadaye aliniuliza mwenyewe kama akimaliza hizo sindano atakuja nyumbani. Kiragu, nilishindwa kumwambia ukweli. Nilisema, "Tutaona, Mama," vile ninavyowaambia watoto wangu nikiwa sitaki kuwapa kitu. Akanishika mkono, akaniambia asante.

Tafadhali tumwambie pamoja, wewe kwenye simu na mimi nikiwa kando yake. Peke yangu siwezi.

Nisalimie Cate, na umkumbatie Karanja kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awafunike huko mliko, na atusamehe sisi tulio karibu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Wamucii