Upande wa Maneno

Jumanne, tarehe 6 Mei

Nimepoteza kurasa nane. Jana, saa tano ya asubuhi, mu bureau ya Tata Faustin, mzee anayelipia gazeti, juu ya depo yake ya saruji na mabati. Niliingia na gazeti la muziki la kurasa ishirini na nne. Nilitoka na kumi na sita.

Zilizokatwa ni zote za Kiswahili. Makundi ya Kasaji, ya Dilolo, ya hapa Kolwezi, na maneno ya nyimbo zao. Mahali pao pataingia hoteli, magari na saa za mkono. Kwa Kifaransa.

Aliyezikata ni Trésor, kijana wa marketing kutoka Lubumbashi. Tata Faustin amemleta atutafutie wasomaji. Amewapata kwa siku mbili bila kutoka nje. Ni makada, wakubwa wa kampuni za migodi, wenye mshahara wa kila mwezi na gari lenye hewa baridi. Alituonyesha mchoro ukutani, wamo ndani ya mviringo wa bluu. Niliuliza mu huo mviringo ni wangapi wanaosikiliza muziki wa hapa. Akasema hilo tutaliona mbele.

Tata Faustin hakukasirika. Alisema tu: «Kiswahili ni ya kusikia, Mama Joëlle. Kusoma ni Français.»

Nina hasira mpaka sasa. Bukari, ugali wangu, imepoa kwenye sahani.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Niandike yangu, maana hakuna mwingine atakayeyaandika.

Nilianza sokoni na parasoli moja ya jua na ordinateri, kompyuta iliyotumika. Watu walileta kadi za memori za simu, mi nikawawekea nyimbo. Wachimbaji, wenye malori, bamama wa kwaya. Miaka kumi na moja. Najua nani anasikiliza nini, na nani anadanganya kuhusu anachosikiliza. Parasoli imezaa kibanda, kibanda kimezaa duka, duka lina mashine ya kuchapa. Hakuna aliyenipa hata waya.

Wazo la gazeti ni langu. Pesa ni ya Tata Faustin, na neno la mwisho ni lake. Nilisaini hivyo, macho wazi. Lakini sikusaini kunyamaza.

Jambo moja tumepatana. Gazeti linakwenda kuchapwa ku imprimerie Lubumbashi Ijumaa ya tarehe 23. Kabla ya hapo nachapa nakala sitini za kujaribu kwenye mashine yangu. Tunaziacha mahali watu wanapoketi, wiki moja, kisha tunazikusanya. Tuone.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Mwenye duka la magodoro ameondoa tangazo lake. Ukurasa wa 14 mweupe. Huwezi kushona gazeti la kurasa ishirini na tatu. Karatasi ina pande mbili, upende usipende.

Trésor hapokei simu. Nimeujaza mwenyewe. Nimeweka maneno ya wimbo wa kundi la Kasaji, toka mwanzo mpaka mwisho. Ule wa mwanamke anayengoja mume wake ku gare. Kila njanja, yaani treni, ikija, yeye anahesabu wanaoshuka. «Njanja ilifika, Donatien, weye haukushuka.»

Upande wa pili wa karatasi hiyo, ukurasa wa 13, ni picha ya star wa Kinshasa. Koti la manyoya, miwani, vidole vitatu hewani.

Sikuomba ruhusa.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Tumezigawa. Trésor amepeleka ishirini hotelini na ishirini kantini ya kampuni moja. Mi nimepeleka kumi kwenye saluni za nywele na vituo vya manseba, wale wanaobeba watu na pikipiki. Kumi nyingine zimekwenda Fungurume na taksi, kwa Mama Aimée, anayepika bukari pale malori yanapolala.

Trésor aliniuliza kama watu wangu wanajua kusoma. Nilimwambia apande pikipiki, alipe na noti kubwa, aone kama manseba hajui kusoma.

Alidhani ni mzaha.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Zimerudi.

Za hotelini ishirini zote, kama zimetoka kwenye mashine asubuhi hii. Hata kona haijakunjwa. Za kantini, kumi na tisa. Ya ishirini iko chini ya mguu wa meza inayoyumba, wamesema tuiache, inafanya kazi.

Zangu zilikuwa ishirini. Zimerudi kumi na saba. Mafuta ya nywele, vumbi, mchuzi. Moja ina alama ya tairi. Na kumi na nne zina pengo. Imechanwa karatasi moja tu, na ni ileile. Ya 13 na 14.

Nimezipanga chini, sakafu nzima ya duka. Nimezizunguka. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumatatu, tarehe 19 Mei

Sicheki leo.

Niliziweka zote kumi na nne juu ya meza ya Tata Faustin. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Trésor alifungua moja, akafungua ya pili, akasema: «Ni star. Wamechana picha.»

Kisha akaomba kurasa nne zaidi za star.

Inaniuma kwa sababu huenda ni kweli. Mkono unaochana karatasi hausemi unataka upande gani. Namchukia Trésor kwa sababu ana hoja.

Tata Faustin alikubali kwa kichwa. Akapita kwenye linalomhusu, yaani jina lake. Anataka ukurasa wa kwanza umtaje yeye, baba wa gazeti. Huyu ndiye anayelipa wanamuziki wamtupie jina katikati ya gitaa. Kuna wimbo anatajwa mara tatu, mara moja pamoja na mabati. Sawa. Jina lake likae popote anapotaka. Mi nataka kurasa zangu.

Kumi na nne zimechanwa. Maana yake kuna karatasi kumi na nne mahali fulani. Na karatasi iliyobandikwa inaonyesha upande mmoja tu. Nazitafuta.

Jumanne, tarehe 20 Mei

Saluni ya kwanza, karibu na soko. Imebandikwa juu ya kioo. Star yuko nje, maneno yamelala ukutani. Mwenye saluni anasema vijana wawili wameomba kukatwa kama yeye. Nilitamani kuibandua niende nayo. Nimeiacha. Nimeandika: moja, ya Trésor.

Saluni ya pili wamewashia makaa. Haihesabiki.

Kituo cha manseba, kona ya lami. Kijana ameifunga juu ya tangi la mafuta na plastiki na skochi ya kunata, vizuri kabisa, mvua haiingii. Maneno yako juu. Nilimuuliza kama anampenda yule star.

«Star gani, mama?»

Wa nyuma ya karatasi.

«Kwani ku nyuma kuko nini?»

Wenzake wakamcheka. Mmoja akaanza wimbo, wengine wakaingia kwenye kiitikio, mteja akasimama na mfuko wake wa unga akingoja wamalize. Nilisimama na mi. Nikajifanya nakohoa vumbi.

Mbili, zangu. Maana kituo cha pili ni vilevile, wameiweka kwenye mlango wa kibanda, maneno nje.

Mbili kwa moja. Nikienda na hizo, Trésor atasema vituo viwili vya pikipiki si soko. Na atakuwa sawa tena. Kesho Fungurume.

Jumatano, tarehe 21 Mei

Niandike haraka kabla umeme haujakatika.

Nilifika Fungurume saa nne. Malori yamejipanga mstari mpaka huwezi kuona mwisho. Mama Aimée alikuwa anapindua bukari. Nilimuuliza habari za karatasi zilizochanwa, akasema hajui nani amechana, lakini mwiko ukasimama. Akasema basi, ni yeye. Moja. Nyingine ni wateja. Nikamwambia sikuja kudai. Nataka kujua iko wapi.

Akaitoa kwenye kitambaa alichofunga kiunoni. Haikuwa ya gazeti langu.

Ilikuwa fotokopi.

Nyeusi na nyeupe, imepinda kidogo, kona moja imekatika. Ukurasa wa 14. Nyuma, hakuna kitu. Weupe mtupu.

Niliketi kwenye bidoni ya maji.

Anayezitoa, kutoka ile karatasi aliyochana Mama Aimée, ni mzee wa fotokopi nyuma ya soko, mwenye mashine moja na jenereta. Nilikwenda. Anaziuza hadharani, zimetundikwa kwenye kamba na vibanio vya nguo, kati ya fomu za kitambulisho na kalenda. Maneno yangu, kazi yangu, hakuomba kwa mtu. Damu ilinipanda. Nilitaka kumfokea. Kisha nikaona kamba ina nafasi nyingi tupu, na hasira ikageuka kitu kingine. Nilimuuliza ametoa ngapi. Akasema hahesabu. Nikamwonyesha tarakimu kwenye mashine yake, tukapiga hesabu, tukapunguza fomu na kalenda. Zaidi ya mia tatu. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Kutoka karatasi moja.

Nikamuuliza la mwisho, na nilikuwa naogopa jibu. Upande wa pili, wenye picha, ametoa ngapi?

Akaigeuza ile karatasi ya kwanza, akaitazama kama hajapata kuiona.

«Huu? Hakuna mutu ameuliza.»

Nilirudi kwa Mama Aimée. Bamama wa likelemba yao walikuwa wamefika, wale wanaochanga kila wiki na kupokea kwa zamu. Kama kumi na wawili. Kila mmoja na fotokopi yake, kwenye Biblia, kwenye pochi, ndani ya kifuniko cha sufuria. Na mi nilikuwa nimedhani msomaji wangu ni mchimbaji kijana mwenye simu. Miaka kumi na moja nimemwekea nyimbo, nikadhani ni yeye. Kumbe yeye anasikiliza. Hawa wanaimba. Anayesikiliza hahitaji maneno, mwimbaji anayasema kwa niaba yake. Anayeimba hawezi bila hayo.

Halafu niliona alama za kalamu ya bic. Kwenye karatasi ya mama mmoja mnene, mwenye kicheko cha karibu, jina Donatien limefutwa kila mahali. Juu yake ameandika Placide. Nilimuuliza kwa nini.

«Donatien ni wa Kasaji,» akasema. «Wa kwangu ni Placide. Alisema anapita Kolwezi wiki mbili. Mutoto sasa anatembea.»

Wengine wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Nikaomba kuona za wengine. Modeste. Tata Guylain. Mmoja ameandika jina la mwanawe, huyo sikumuuliza kitu. Mmoja ameacha Donatien, kwa sababu wa kwake kweli ni Donatien, na wanamtania kwamba amependelewa.

Wakaimba. Kila mmoja na jina lake mahali pake, majina yote kwa pamoja, huwezi kusikia hata moja sawasawa. Dereva wa lori aliacha bukari yake na kutoka nje.

Tata Faustin analipa watu watupe jina lake mu wimbo. Hawa wanatupa majina na bic, na hakuna wa kulipwa.

Njiani kurudi nilichora ukurasa mpya gotini. Maneno yote, herufi kubwa za kuonekana jioni. Mahali pa jina, mstari mtupu.

Alhamisi, tarehe 22 Mei

Asubuhi baridi. Vumbi limetulia.

Nilikwenda kwa Tata Faustin mapema, kabla depo haijafunguliwa. Trésor hakuwapo. Afadhali. Sikuleta mviringo. Nilimwekea fotokopi tatu mezani. Ile ya saluni nikamsimulia kwa mdomo, nikamwambia star ana watu wake, wawili, na nywele zao zimekatwa vizuri. Sikumficha kitu.

Alizisoma. Kwa Kiswahili, polepole, midomo ikitembea. Alifika mahali pa Placide akarudi juu, akaanza tena. Sikumkumbusha alichosema tarehe tano. Niliona amekumbuka.

Akasema atafikiri. Atamwita Trésor. Tutaona nafasi, labda nusu ukurasa, labda toleo la pili.

Hapana. Toleo la pili la gazeti lisilo na msomaji halitakuwapo.

Nimerudi dukani. Nimefagia. Nimezikusanya zile kumi na nne kwenye kartoni. Nimepima karatasi niliyonayo: inatosha kuanza bila yeye, kurasa nane, nyeusi na nyeupe, na mzee wa Fungurume nitampa nakala ya kwanza mwenyewe kabla hajaiiba. Nimejua kuanza na parasoli. Najua bado.

Sina hasira leo. Ajabu.

Saa kumi nimemtumia ujumbe kwenye simu. Nimeufuta mara mbili, kila mara nikiufupisha. Umebaki huu:

«Tata Faustin, heshima yangu kwako. Gari ya Lubumbashi inaondoka kesho. Kurasa nane za Kiswahili zinarudi zote, ndiyo ao hapana? Usinijibu labda. Usinijibu kupitia Trésor. Nangoja neno moja kutoka kwako, kesho, mbele ya midi, saa sita.»