Samaki wa Mombasa, Maji ya Zombe

Kibwezi,
Jumatano asubuhi.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi mengi. Goti lako la kushoto limepoa, au bado linakutabiria mvua? Mama, mdogo wangu Mulinge, na yule ng'ombe mweupe mkorofi, wote wazima? Mimi huku ni mzima hadi naona haya kusema. Asubuhi nikifungua dirisha naona vilima vya Chyulu vimejifunika ukungu, nikigeuka namwona Amin wangu amelala mdomo wazi, nami nashindwa kuamua kipi kizuri zaidi. Nisamehe, Baba, najua binti haandikii mzazi wake mambo kama hayo. Lakini moyo ukijaa hufurika.

Simu zangu hupokei. Mama huniambia uko malishoni, nami nasikia kikohozi chako hapo hapo kando yake. Sikulaumu. Najua neno ulilosema siku tuliyotoka ofisini Kitui na cheti chetu cha ndoa: kwamba bila mbuzi wa ntheo, wale upande wa mume huwaleta kwa wazazi wa binti, hujaozesha mtu, una binti aliyetoka kutembea tu. Na asubuhi niliyoondoka hukunena kitu. Ulibeba mtungi wa maji ya mvua, yale ya tangi unalolifunga kwa kufuli, ukauweka nyuma ya pikapu ya Amin, ukaenda zako kwa mbuzi. Nimeuwaza mtungi huo tangu siku hiyo. Sikujua kama ulikuwa unanibariki au unanipa changu niende. Kwa hiyo sikuyanywa. Niliuweka pembeni mwa kitanda, na usingizi ukinijia nilikuwa naugusa.

Sasa nikueleze habari ya samaki. Amin alilelewa Mombasa na shangazi yake, Shufaa, ambaye hufuga samaki wa mapambo na kuwauza. Huyo shangazi hakuwahi kuniona. Juzi alituma zawadi yetu ya arusi kwa basi: samaki wadogo, mikia yao mipana kama leso iliyoanikwa kwenye upepo, ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa maji na hewa. Tangi la kioo Amin alikuwa ameshalinunua. Shangazi akatutumia ujumbe wa sauti kwamba yeye mwenyewe angefika kesho yake kwa treni kututembelea, na akaeleza namna ya kuwapokea wageni wale. Nizime taa, kwa sababu wametoka gizani. Niuache mfuko uelee kwenye tangi hadi maji ya ndani na ya nje yalingane joto. Kisha niwaongezee maji ya huku kidogo kidogo, wayazoee, ndipo niwatoe.

Jirani yetu Kaluki alikuja kuchungulia, akaniuliza vidagaa hivyo nitavikaanga lini na vitamshibisha nani. Nilicheka, lakini kwa hofu. Niliona wazi kwamba Shangazi akikuta samaki wamekufa, atasema mke huyu hawezi kutunza hata kiumbe cha kidole kimoja, atamtunzaje kijana wangu?

Ndipo nikakosea, Baba, na nadhani ni mtu wa kwetu Zombe tu, aliyekulia kwenye ukame, anayeweza kukosea hivyo. Nilitazama maji ya bomba ya Kibwezi, ambayo huacha ukoko mweupe kwenye sufuria, nikaona aibu. Mgeni ametoka mbali, nimpe maji ya chumvi? Nikaufungua mtungi wako. Nikamimina maji yote ndani ya kioo, matamu, maangavu, yananukia bati la paa letu. Mfuko ukaelea, taa nikazima. Halafu nikawaonea huruma kukaa mlangoni kama wadai, nikawatoa wote kwa mara moja. Ningeongezaje kidogo kidogo maji mazuri namna ile? Nani huonjeshwa maji ya mvua kwa kijiko?

Haukupita muda wakaanza kulala ubavu. Mmoja akaelea kama jani. Nilimpigia Amin nikilia hadi hakusikia neno, akadhani nimeungua.

Alikuja mbio na vumbi la shambani. Kazi yake, kama hukuambiwa, ni kufunga mabomba ya kumwagilia kwa matone katika mashamba ya kando ya mto. Hakunifokea. Akaniambia taratibu kwamba maji yako ni mazuri kwetu, lakini samaki hawa wamezaliwa katika maji mazito ya kisima cha Mombasa, na mabadiliko ya ghafla huwavunja. Akauliza kama yale maji ya mfukoni nimeyamwaga. Nikamwangalia. Maji, nimwage? Nilikuwa nimeyaweka kwenye beseni kwa ajili ya nyanya zangu!

Alinibusu kipaji cha uso, Baba, pamoja na vumbi lake. Tukawarudisha samaki kwenye maji yao, humo beseni. Maji ya tangi tukayapunguza nusu, nyanya zikanywa, tukajazia ya bomba. Kisha Amin akatoa kimrija cha kazi yake, akakifunga fundo, na maji ya tangi yakaanza kudondoka kwenye beseni: to, to, to. Tulifunga mapazia ya kijani, tukalala sakafuni tukisikiliza. Chumba kilikuwa cha kijani, kama nasi tuko chini ya maji. Mmoja baada ya mwingine wakainuka, wakafungua leso zao. Hata yule jani.

Shangazi Shufaa alipofika aliwakuta hai, wakicheza ndani ya tangi. Akauliza mbona mtungi mtupu umewekwa juu ya kabati kama kombe la mpira, nami nikashindwa kunyamaza. Nilimwambia yote: maji, ukimya wako, ntheo. Yeye alidhani mahari aliyonikabidhi Amin mkononi yametosha, kama ilivyo kwao. Akawageukia samaki. Kisha akampiga Amin kofi la bega, akasema, “Wewe! Samaki wa kununua nimewatumia maelezo dakika nne nzima. Mwana wa watu tumemchukua bila hata mbuzi kubisha hodi!”

Basi Baba, sasa nikufunulie jambo. Aliyekukabidhi barua hii ni Amin mwenyewe. Nimemwomba asimame nje ya lango mpaka umalize kusoma, na asiseme neno. Inua macho umwone. Mama mwenye buibui ndani ya pikapu ndiye Shangazi, na hao wanaopiga kelele nyuma ni mbuzi wa ntheo. Na kwa kuwa ulinifundisha chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, mtungi wako una asali ya Kibwezi.

Sikuombi umkumbatie leo. Mpe kigoda kwanza. Baadaye chai. Tone kwa tone, Baba, atakuzoea, nawe utamzoea.

Kama mtungi ule ulikuwa wa kuniaga, pokea asali, nami nitaelewa. Lakini kama ulikuwa baraka, hamisha asali, fungua lile kufuli, ujaze tena umpe Amin aniletee. Sasa najua namna ya kuyatia maji yako tangini kidogo kidogo, na nimebaki hapa na samaki nikisikiliza mlio wa pikapu ikirudi.

Msalimie Mama, mwambie namkumbuka kila ninapoinjika isio, mahindi na maharagwe kama yake. Mulinge aache kumchokoza ng'ombe. Mungu akulinde, wewe na goti lako.

Ni mimi binti yako niliyetoka kutembea,

Nzisa