Kovu Juu ya Jicho

Chang'ombe, 28 Aprili 2024

Mdogo wangu Bernadeta,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe, mama na mwanao Genoveva mnaendelea vizuri huko Tegeta. Mie mzima, ila mgongo unanikumbusha umri. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nakuandikia. Fransis wa karakana ana mzigo wa kuleta huko, atakupa barua hii mkononi.

Najua tangu kamati ya kanisa ikutoe kwaya kwa sababu ya ile mimba, hutaki hata kusikia kengele ya kigango chetu. Lakini Jumapili ijayo padri anabariki sanamu ya Mama Maria, na aliyeichonga ni mie. Mninga mtupu, miezi minne. Njoo uione. Kuna kitu humo nimekifanya kwa ajili yako, sitaki kukitaja kwenye karatasi.

Kaka yako,
Polikarpo

Tegeta, 6 Mei 2024

Kaka Polikarpo,

Milele amina, na shikamoo. Mama mzima, macho tu yanazidi kufifia. Genoveva ameota meno mawili, anang'ata kila kitu.

Nilikuja. Nilisimama nyuma kabisa, mlangoni, nimejitanda kitenge. Padri alipovuta kitambaa nikajiona mwenyewe pale juu: shavu langu, midomo yangu, kovu langu juu ya jicho la kushoto. Hata kovu, kaka! Wanawake wa mbele wakaanza kunong'onezana, mmoja akageuka akaniona, halafu kanisa zima likageuka. Nilitoka mbio na mtoto mgongoni, kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi zenu.

Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku walipolitangaza tumbo langu. Uso wangu umeuchukua bila kuniomba. Basi wakikuuliza, angalau sema kweli: huyo ni dada yako, na umeona anastahili kukaa pale.

Mdogo wako,
Bernadeta

Chang'ombe, 16 Mei 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Poleni na mvua, nasikia barabara ya huko imejaa maji. Sie huku wazima.

Kamati waliniita. Katekista akaniuliza mbele ya wote, "Polikarpo, huyo si Bernadeta huyo?" Nilikuwa nimepanga kujibu kama ulivyosema. Mdomo ukasema uso ule nimeutoa kwenye picha ya kalenda. Wakasema vyovyote iwavyo, sanamu ishushwe.

Ila sasa ishu imeisha. Jumatatu asubuhi sanamu imekutwa kovu limekatwa, uso ni safi. Hakuna tena anayesema ni wewe, na kamati wameiacha ibaki. Polisi wamemshika Mbwana, yule mlinzi wa getini. Watu wanasema eti kwa kuwa ni Mwislamu, sanamu zetu zinamkera. Yeye anadai mie niliingia Jumapili mchana, watu wamekwenda kula, na yeye ndiye aliyenifungulia geti. Polisi wakaja karakana kuniuliza, nikawaambia sikufika. Nadhani amechanganyikiwa, maskini.

Sasa unaweza hata kuja kusali.

Kaka yako,
Polikarpo

Tegeta, 18 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Salamu za mama utapewa siku nyingine.

Jana nilikwenda kuiangalia. Mtu anayechukia sanamu angeipiga shoka. Pale pamepitishwa patasi taratibu, pakasuguliwa msasa, pakapakwa nta mpaka panang'aa. Mbwana ana rungu na tochi. Nta ile naijua harufu yake, nimekua nayo.

Na kovu hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Nilikuwa na miaka saba uliponirushia nyundo ya mti kwa sababu nimegusa kinyago chako. Damu ikanichuruzika mpaka shingoni, ukaniomba niseme nimeanguka na ndoo kisimani. Nikasema. Mpaka leo mama akinishika uso anajilaumu, eti alinipa ndoo kubwa. Nimekutunzia uongo huo miaka ishirini na miwili kwa kuwa tumezaliwa tumbo moja. Mbwana akutunzie kwa lipi?

Getini nilimkuta Zubeda, mke wa Mbwana, na bakuli la chakula anampelekea mumewe kituoni. Alinisalimia vizuri, akamshika na mtoto shavu. Nilishindwa kumtazama.

Jumatatu ikipita hujaenda polisi, nitakwenda mie na uso huu huu.

Bernadeta

Chang'ombe, 24 Mei 2024

Mdogo wangu Bernadeta,

Sijui nianzeje hata salamu. Natumaini mko wazima.

Nilikwenda Jumatatu. Nilimweleza afande yote, na patasi nikamwekea mezani. Akacheka. "We si ndo umeichonga? Sasa fundi nimshtaki kwa kuchonga?" Katekista alikuwepo, akasema sanamu ikishabarikiwa si yangu tena, ni mali ya kanisa, na mie nimeinajisi. Wakabishana nusu saa nzima kama nilichofanya ni kazi au ni kosa, nami nimesimama katikati yao. Mwishowe wakaniambia nirudi nyumbani. Bernadeta, nilitaka wanifunge.

Mbwana alitoka siku ile ile, baada ya siku nane. Mkono wake wa kulia umevimba. Nilimpa pole, akapita huku akiuliza viatu vyake viko wapi. Kazi ya getini wameshampa mtu mwingine. Sanamu iko stoo, imegeuziwa ukutani.

Kwenye kamati nilisimama nikasema ule ni uso wa dada yangu, kovu nililitia mie, na mie ndiye niliyelikata. Walipouliza kwa nini, nikasema niliona aibu watu kujua wewe ni wangu. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo hata moyoni. Nilikuchonga kwa mapenzi na nikakukata kwa aibu, kwa mikono hii hii.

Mbele ya mama siwezi. Tafadhali msomee barua hii, ajue nyundo niliirusha mie, ndoo haikuwa na kosa.

Kaka yako,
Polikarpo

Tegeta, 26 Mei 2024

Kaka Polikarpo,

Shikamoo. Sie wazima. Genoveva ameanza kusimama kwa kushika kiti.

Barua yako sijamsomea. Nakurudishia, imo ndani ya bahasha hii. Pitia kwanza kwa Mbwana na Zubeda, hata wakikufungia mlango, ndipo uje huku.

Leo asubuhi mama alinishika uso, kidole kikasimama pale pale juu ya jicho. "Ndoo ile ilikuwa kubwa mno, mwanangu," akasema. "Nisamehe."

Nimemwambia unakuja, utamjibu wewe.

Mdogo wako,
Bernadeta