Mpira Uliofunga Valvu

Baba,

Shikamoo. Nimeandika kwa mazoea, halafu nikakaa nikisubiri marahaba yako kama mjinga. Nina hasira na wewe, na sina mwingine wa kumwambia, kwa sababu hapa Ilala likitajwa jina lako watu wanashusha sauti na kusema kazi ya Mungu haina makosa.

Kazi ya Mungu! Tangi la kompresa, ile mashine ya upepo wa bunduki ya pini, limepasuka asubuhi kweupe, wewe umeinama kando yake unapiga pini kwenye mgongo wa sofa, mimi niko Kariakoo nachagua vitambaa. Niliporudi, uwanja wa karakana ulikuwa umejaa watu na sponji zimerushwa hadi juu ya mabati. Mungu hakushika bisibisi siku ile, Baba.

Swichi ilikuwa mbovu, sote tulijua. Kazi yake ni moja tu: presha ikitosha, izime mota. Yetu ilikuwa inaganda, mota inaendelea kujaza upepo, mpaka valvu ya usalama pale juu inapiga mluzi na kuutoa uliozidi. Wewe unaigonga swichi kwa mpini wa nyundo, inakata, kazi inaendelea. "Wiki ijayo tunabadilisha." Wiki ijayo yako ilikuwa kama kesho ya fundi cherehani.

Lakini valvu uliiheshimu. Ulinifundisha mwenyewe: kabla ya kuwasha, fungua koki ya chini maji yatoke, maana hewa ya Dar ina jasho, na jasho hilo linakula chuma. Kisha vuta pete ya valvu usikie kama inapumua. "Hiki ndicho kinywa chake, Manka. Usikizibe hata siku moja." Nilikuwa nacheka ukiisalimia mashine "Mambo?" nayo inakujibu fyuu. Maji yakitoka mekundu kwa kutu ulikuwa unaumwagia mpapai tu.

Sasa niambie, nani alikutuma?

Mama Kusum, jirani yetu wa ghorofani, alikuwa anamwoza binti yake. Wageni wamejaa ngazini na sari zao, mapambo yameshuka hadi karibu na mlango wetu. Na wewe, mtu wa heshima zako, ukaona haya valvu ipige mluzi katikati ya harusi ya watu. Kuzima mashine hukutaka, mteja alikuwa anasubiri makochi. Ukachukua kipande cha mpira wa tyubu, ukaizungushia valvu mpaka ikabanwa kabisa. Najua ni wewe. Nilikiokota kipande hicho chini ya mabati yaliyoanguka, na fundo lake ni lile lako la kufungia makochi kwenye kigari cha kirikuu, lile ambalo bila meno halifunguki. Harusi iliisha, mpira ukabaki, na asubuhi ile swichi ilipoganda upepo haukuwa na pa kutokea.

Nilipanda kwa Mama Kusum nikiwa na ubaya moyoni. Nilitaka aseme kwamba aliomba ukimya, ili nipate mtu wa kumchukia. Akanishika mikono, analia. "Mwanangu, sisi tulikuwa na ngoma na spika, mpaka Mchafukoge wanasikia. Nani angesikia mashine yenu? Baba yako hakuniuliza."

Hukuuliza. Umekufa kwa adabu ambayo hakuna aliyeiomba, na mimi sijui niiweke wapi hasira hii.

Tulikuzika nyumbani Marangu, kwenye migomba, pembeni ya Babu. Walisimama mmoja mmoja kukusifu. Siku hizi Mama hata ile sufuria yake ya presha ameigawa, maharage tunayachemsha kwa mkaa kutwa nzima.

Ningenyamaza, Baba, kweli. Lakini Baba Mdogo ameifungua tena karakana. Ameleta kompresa nyingine, ya mtumba, na juzi nimeikuta valvu yake imefungwa mpira. Nikauliza kulikoni. Akajibu bila hata kugeuka, "Kaka mwenyewe si alikuwa anafunga? Hiyo inapiga kelele bure tu." Nikamwambia hicho ndicho kilichokuua. Akanikaripia mbele ya mafundi: "Acha kumvua nguo marehemu!"

Niliukata mpira kwa mkasi wa vitambaa. Jioni nikakuta umefungwa mwingine.

Umeona? Ulifunga mara moja kwa ajili ya harusi, sasa imekuwa desturi ya nyumba, na ina jina lako. Mafundi wanainama palepale ulipoinama wewe. Kila nikienda sokoni narudi mbio, nikifika kona ya mtaa nasikiliza kwanza kama kuna watu wanaopiga kelele.

Jumapili ukoo unakutana kwa Baba Mdogo kwa ibada ya kukukumbuka. Watakusifu tena. Na mimi nitasimama, nimeshika kile kipande cha mpira, fundo lako likiwa halijafunguliwa, na mafundi wote nimewaalika. Nitasema ni Baba aliyefunga, na ndiyo maana hayupo. Watanilaani. Mama huenda akalia. Na wewe utaaibika, wewe uliyekufa kwa kuogopa aibu ndogo namna ile.

Jumatatu nitaukata mpira, nitatoa maji, nitavuta pete, na valvu ipige mluzi mpaka mtaa mzima ukasirike.

Nakupenda, na bado nimekasirika. Pumzika, Baba. Wengine wamekusitiri vya kutosha. Mimi sitakusitiri.

Mwanao,
Manka