Mwalimu Wetu Mbele ya Dagaa

Mama, shikamoo. Huko Namswea kahawa imeanza kuiva?

Niko Mbamba Bay na yule mwalimu Mjapani anayetufundisha chuoni historia na maisha ya watu wa kwao. Leo tulipita ufukweni penye vichanja vya dagaa. Aliposikia harufu yao alikaa mchangani, akalia.

"Mama yangu alikuwa anaanika hivi hivi," akaniambia. "Siku bahari ilipofurika, hakuonekana tena."

Muhula mzima ametufundisha habari za mafuriko yale, na hakuwahi kumtaja mama yake. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa walimshika mikono, wakampa pole.

Kesho namleta nyumbani. Usimwulize kitu, Mama, msongee tu ugali.

Nakukumbuka sana.
Mwanao, Imelda