Betri za Baba Zilizoanikwa Juani

Jumamosi, Julai. Kansay. Ukungu mzito asubuhi, jua limechelewa kutoka, baridi haijaisha mpaka sasa.

Naandika nikiwa nimekaa nje ya jiko la Mama, kabla giza halijaingia. Vidole vinanuka baruti. Nilidhani leo ningeandika kwa furaha.

Kwa ambaye hajasoma siku za nyuma: mimi natunza stoo ya loji moja Karatu mjini. Mwezi uliopita mgeni mmoja mzee aliondoka akaniachia boksi, akasema mjukuu wake amekua, hachezei tena. Ndani mlikuwa na roketi ndogo ya karatasi ngumu, fimbo ya chuma ya kuisimamishia, injini mbili za baruti, viwashio vyake, na kitufe cha kurushia. Injini ikishawaka mara moja basi, haifai tena, ila roketi yenyewe inashuka na kutumika tena. Kiwashio ni kijiwaya chembamba tu. Unakipitishia umeme, kinashika moto, injini inawaka, roketi inaruka. Betri haikuwemo. Ilibidi nitafute mwenyewe.

Nilipomsimulia Baba, alisema jambo moja tu, kwamba anataka kuiona.

Baba ana presha ya macho. Daktari alishatueleza kwamba kilichopotea hakirudi, na matone anayowekewa ni ya kushikilia kilichobaki. Kilichobaki ni katikati. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Akikutazama usoni anaiona pua yako, masikio hayaoni. Kitu kinachokimbia kinampita kabla hajageuza kichwa. Na huo mrija nao unazidi kuwa mwembamba.

Jumamosi iliyopita tulirusha mara ya kwanza. Nilitumia betri niliyoitoa kwenye kifaa kibovu cha kutunzia umeme wa kompyuta ya ofisini. Mita ya kupimia umeme ilionyesha volti kumi na mbili na kitu, nikaridhika. Tukamweka Baba kwenye kiti pembeni ya shamba, uso wake tumeuelekeza kwenye roketi, nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikaendelea kubonyeza. Mama akasema labda imelala. Baba akageuka kuuliza kuna nini, na hapo hapo ikaruka.

Majirani walipiga kelele. Yeye alitafuta juu, huku na huku, mdomo wazi. Halafu akauliza, "Imeshakwisha?"

Ilikuwa imeshakwisha.

Wiki nzima nimekuwa nikitafuta kosa langu, na nimelipata. Betri isiyo na kazi inaweza kuonyesha volti nzuri kabisa, lakini ukiipa kazi inalegea. Ikilegea, kiwashio kinapata moto polepole, na roketi inaruka wakati inaotaka yenyewe. Mtu mwenye macho mazima atasubiri. Baba hawezi. Yeye anahitaji betri inayorusha pale pale kitufe kinapobonyezwa.

Kwa hiyo nilichukua taa ya mbele ya gari, nikaifunga kwenye kila betri niliyoipata, na kupima taa ikiwa inawaka. Ile ndogo ya mraba haikuwasha chochote. Ile ya kompyuta ilishuka mpaka nikaionea huruma. Betri ya pikipiki ya mdogo wangu Paskali iliwasha taa nyeupe, na mita haikushtuka sana. Paskali anabeba abiria upande wa Buger. Alicheka sana siku hiyo. "Dada, unaipima betri kama nesi anayempima bibi presha." Lakini alikubali kuja leo.

Nikaona nimeshachagua. Baba sikumweka kwenye hesabu.

Leo asubuhi nimemkuta amevaa koti lake zito, amechuchumaa mbele ya kipande cha bati, na juu ya bati amepanga betri sita kubwa za redio. Anazigeuza moja moja kwa vidole, kama mtu anayegeuza mahindi kwenye mkaa. Ukungu ulikuwa haujainuka. Alikuwa anaanika betri kwenye ukungu, akilisubiri jua.

"Hizi ndizo za roketi," akaniambia. "Ile yenu ya ofisini ilikuwa imepoa. Betri haipendi baridi."

Lazima nieleze kidogo, ili nisionekane mtoto mkaidi. Baba ndiye aliyekuwa na redio kabla ya majirani wote wa upande huu. Watu walikuja hapa kusikiliza habari, na betri zilipochoka ni yeye aliyezianika na kuzirudishia uhai kwa siku kadhaa. Mpaka leo jirani akiishiwa na betri za tochi anamletea. Tangu macho yaanze kumwacha tumemnyang'anya panga, tumemnyang'anya wembe wa kunyolea, tumemwambia asiende tena na ng'ombe mtoni. Kila kitu tumekichukua kwa maneno mazuri. Betri hatujachukua, kwa sababu kazi ile anaifanya kwa vidole.

Jua lilipotoka zikapata moto. Akaziingiza kwenye kipande cha bomba la plastiki, akazibana kwa mpira wa tairi, akanikabidhi. Nilizifunga kwenye taa ya gari mbele yake. Taa ikatoa rangi ya kaa linalozimika.

"Inawaka?"

"Inawaka, Baba."

Sikusema uongo. Ukweli wote pia sikuusema.

Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na zizi bila kujua la kufanya. Injini imebaki moja. Nikitumia betri zake, roketi huenda isiruke kabisa, au iruke akiwa ameshageuka, na nyingine sina pa kuipata. Nikitumia ya pikipiki, namwambia mbele ya majirani kwamba hata betri sasa hazijui. Nilijaribu kupanga kama ninavyopanga stoo, hiki huku, kile kule. Haikupangika.

Paskali akanifuata. Nikamweleza. Akajibu bila kufikiri, "Si uunganishe ya pikipiki kimyakimya. Hataona."

Neno hilo lilinichoma. Ila nilifanya hivyo hivyo.

Paskali akaegesha pikipiki nyuma ya kiti cha Baba, akafungua mfuniko wa pembeni kama anayekagua kitu. Waya wa kweli nikautoa pale. Bomba la betri nikampakatisha Baba mwenyewe, nikalifunga nyaya mbili kwa gundi ya karatasi, na nyaya hizo nikazipitisha kwenye mabua ya mahindi. Hazikwenda popote. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi nzuri, safi, na nilikuwa naichukia.

Majirani walikuwa wameshafika. Mama Fabiola, ambaye shamba lake linapakana na letu, hawezi kunyamaza. "Mzee, hiyo ikifika kwa Mungu, imwambie mvua ya mwaka huu ilikuwa kidogo!"

"Mwandikie barua niifunge mkiani," Baba akamjibu, na watu wakacheka. Zamani kidogo alikuwa hivi kila siku.

Nikampa kitufe abonyeze mwenyewe. Nikamshika kichwa, nikakigeuza taratibu mpaka akasema, "Hapo. Nimeipata. Nyeupe." Mkono mmoja ulikuwa juu ya bomba lake. Akahesabu mwenyewe kurudi nyuma, akabonyeza.

Ikaruka pale pale. Moshi, mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, na roketi ikawa juu. Wote tukainua nyuso. Baba hakuinua. Alibaki anatazama ile fimbo ya chuma iliyobaki imesimama peke yake, akitabasamu.

"Nimeiona ikiondoka," akasema.

Alipoulizwa ilikofikia, alisema huko juu hakuhitaji kuona. Mama alifuta macho kwa kanga akisingizia moshi. Mama Fabiola akampa Baba mkono, akamwambia betri zake ni kiboko. Baba akapigapiga lile bomba mapajani mwake kama mtu anayempongeza ng'ombe. Sikuweza kumtazama Paskali.

Ningependa habari iishie hapo.

Jioni hii, saa ya habari ilipokaribia, Baba alizitoa betri kwenye bomba na kuzirudisha kwenye redio yake, kwa vidole tu, bila kukosea upande. Akawasha. Redio ikasema kwa sauti kubwa, safi, mpaka mbwa akaamka.

Nilikuwa namsaidia Mama kuchambua maharage. Mkono ukasimama.

Redio inahitaji kidogo sana. Betri zile zinaitosha. Lakini betri iliyotoka kurusha roketi mchana ingekuwa imechoka, na mtu ambaye ameishi na betri miaka yote hii anaijua sauti ya redio yenye betri zilizochoka kuliko mimi na mita yangu.

Alisikiliza habari mpaka mwisho. Akazima. Akaweka mkono juu ya redio.

"Hazijachoka hata kidogo," akasema.

Mama alisema ni betri nzuri sana, na Baba akasema ndiyo, ni nzuri. Kisha akaomba asaidiwe kuingia ndani, jambo ambalo huwa haombi. Nilimshika kiwiko. Mlangoni alinibonyeza mkono, mara moja, kama mtu anayebonyeza kitufe. Sijui maana yake ni asante, au ni najua.

Injini zimekwisha. Kesho mchana narudi Karatu, na asubuhi jua likitoka atakuwa pale kwenye bati, au hatakuwepo. Nitaamka mapema nikaangalie. Nikimkuta, nitachuchumaa karibu naye. Ila sijui nimwombe radhi kwa lipi, kwa kumdanganya, au kwa kuamini kwamba hataona.